Mama Mkwe ni Mashine Ipi?

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, na kama kuna foleni ya barua hapo mezani kwako naomba yangu uivushe mbele, kwa sababu nina wiki mbili tu na moyo wangu haujatulia tangu Jumatatu, nacheka peke yangu mpaka mke wangu ananiuliza kama naumwa.

Mimi ni mkuu wa kitengo cha kompyuta katika hospitali moja kubwa, kitengo chenyewe ni watu wawili, mimi na dada mmoja, na kazi yetu ni kuhakikisha mapokezi wanaona majina ya wagonjwa, maabara wanatuma majibu, famasia wanajua daktari ameandika dawa gani, na kompyuta zote zinaongea pamoja bila kugombana. Nina miaka kumi na mmoja pale. Wauguzi wananiita Daktari wa Mashine, na nikipita kwenye korido ya wodi hata wagonjwa wananiamkia shikamoo daktari, nami naitikia marahaba, niwavunje moyo wa nini.

Sasa Jumatatu nimepokea barua, mshauri, barua ambayo nimeisoma mpaka imeanza kuchanika kwenye mkunjo: nimechaguliwa kwenda kozi ya usalama wa mtandao, wiki nane, watu ishirini na wanne tu kati ya mamia walioomba, ada imelipwa, malazi yamelipwa, na huko tunafundishwa kuwazuia wezi wa mitandaoni kwa kugawanywa timu mbili, moja inashambulia na nyingine inalinda, kweli kabisa, nimeona ratiba, wiki ya tano yote ni kushambuliana, na mimi mtu mzima wa miaka arobaini na miwili niliingia chumba cha seva, nikafunga mlango, nikacheza. Kile chumba kina kiyoyozi ambacho hata sweta haikitoshi, lakini nilitoka jasho. Maana mambo haya nimejifunza kwa kuvunja na kuunga, sijawahi kukaa darasani nikafundishwa na mtu anayejua kuliko mimi, na hicho kitu nimekitamani kama mtoto anavyotamani baiskeli. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa chekechea, amekwishapiga pasi mashati matano na safari yenyewe ni mwezi ujao.

Nikaipeleka barua kwa mkurugenzi wetu, mama mmoja wa maneno machache, akaisoma yote, akanipa mkono, akasema hongera sana, halafu akauliza, "Na nani atatushikia mfumo?" Nikasema mama, nitakuwa hewani, mtanipigia tu. Akageuza karatasi, akanionyesha kwa ncha ya kalamu mstari ambao mimi kwa furaha yangu nilikuwa nimeuruka: simu zinakusanywa mlangoni kila asubuhi na kurudishwa jioni. Akasema, "Basi tufanye hivi. Kaa nyumbani siku moja. Hospitali ikifika jioni bila kukupigia, nasaini. Ikishindwa, siwezi kuwaambia wagonjwa wasubiri mpaka utoke darasani."

Nikakaa nyumbani Jumatano. Mshauri, kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimepigiwa simu thelathini na moja, na nikuambie ukweli ambao hata mke wangu hajui, zile kumi za mwanzo nilizifurahia, nilijiona wa maana kweli, nilikuwa napokea huku nimepandisha miguu juu ya meza. Ya kumi na moja ndipo nilipoona kozi yangu inaondoka hivi hivi naitazama, nikashusha miguu.

Shida ni kwamba kila kitu kiko kichwani mwangu, sijawahi kuandika hata ukurasa mmoja, maneno ya siri ninayo mimi, njia za kebo ninazijua mimi, na mashine zenyewe nimezipa majina ya kifamilia kwa jinsi ninavyozijua tabia. Kuna Shemeji, huyo ni wa utani, ukimzima na kumwasha anarudi anacheka. Kuna Binamu, anakuja na kuondoka anavyotaka. Na kuna Mama Mkwe, ndiye aliyeshika kumbukumbu zote za wagonjwa, na huyo haguswi mpaka kwanza umempumzisha Shemeji, ukampumzisha na Binamu, la sivyo atakununia nusu siku. Watu wote wamezoea kunisikia nikiyataja majina hayo, lakini kwenye mashine hakuna hata kibandiko, zote ni masanduku meusi yanayofanana. Basi ile simu ya thelathini na moja alipiga yule dada wa kitengoni kwangu, mfumo ulikuwa umeganda, foleni ya mapokezi imefika getini, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, samahani. Mama Mkwe ni mashine ipi?" Nikamwambia usiguse kitu, nakuja. Nikaenda na kandambili.

Huyo dada hospitali nzima inamwita Dada Printa, kwa sababu kwa miaka minne nimemwachia printa tu, wino na karatasi zilizokwama, basi. Si kwamba hajui. Anasoma mwenyewe, ana daftari lake la jalada jekundu ambalo hulifunga nikiingia. Na miaka miwili iliyopita ilitoka nafasi ya mafunzo ya mitandao, akajaza fomu, akaniletea nisaini kama mkuu wake, nami nikaiweka kwenye droo, nikamwambia nitaipeleka, tarehe ikapita, na alipouliza nikamwambia hawakujibu. Fomu bado iko kwenye droo. Sijui hata kwa nini nakuandikia hili, maana silo ninaloliombea ushauri.

Ninaloomba ni hili. Mkurugenzi amenipa jaribio moja la mwisho, siku tatu kabla ya tarehe ya kuijibu barua. Mke wangu anasema mimi nimejenga ukuta nikasahau mlango, nimfundishe dada wa watu kila kitu. Rafiki yangu fundi simu anasema nikimpa funguo zote, nitakaporudi nitamkuta kwenye kiti changu na mimi nitakabidhiwa printa. Chini ya barua kuna pia mstari ambao ofisi inaweza kujaza jina la mtu wa pili kwa awamu ijayo, lakini hilo nimeliacha kwanza. Je, nimfundishe nusu tu, ya kutosha kuvuka hiyo siku moja na zile wiki nane? Kozi naitaka, mshauri, naitaka mpaka naiota. Na kiti changu nakitaka.

Wako mwenye roho juu,
Daktari wa Mashine

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Daktari wa Mashine,

Hongera, tena nakupa nimesimama. Barua yako imenifanya nami nitamani hiyo wiki ya tano, nikashambulie mtu kidogo. Wapo watu wa umri wako wakiambiwa kuna mafunzo wanauliza kwanza kama kuna chakula, na wewe umecheza peke yako kwenye baridi kwa sababu utafundishwa jambo usilolijua. Kozi hiyo usiikose. Sasa vua koti la udaktari tuzungumze.

Hakuna aliyekuzuia kwenda ila wewe. Mkurugenzi wako amekuwa muungwana, angeweza kusema hapana na asikuambie sababu. Miaka kumi na mmoja umejifanya nguzo ya nyumba, na nguzo, mdogo wangu, haiendi kozi.

Nasema nikijua. Kabla ya kuandika safu hii nilikaa miaka tisa kwenye ubao wa simu wa ofisi moja, naunganisha watu. Nilikuwa na namba za ndani mia moja na arobaini kichwani na sikumwandikia mtu hata moja, maana nilipenda kuwasikia wakubwa wakisema bila huyu dada hatuongei na mtu. Mdogo wangu wa kike alipoolewa nikaomba ruhusa, wakaniambia neno lile lile: bila wewe hatuongei na mtu, baki. Harusi niliisikiliza kwenye simu mpaka mtu mmoja akataka laini, nikakata. Mwaka uliofuata wakaleta mashine inayopokea yenyewe. Zile namba zangu ninazo hadi leo, na hakuna anayeziulizia.

Unaniuliza kama umfundishe nusu. Nusu ipi? Ya kumzima Shemeji bila kumwasha? Mtaka yote hukosa yote, na safari hii atakayekosa si wewe peke yako, kuna mgonjwa amesimama getini na karatasi yake ya maabara. Halafu tazama hizo simu zako ulizozipokea miguu juu ya meza. Watu thelathini walikutaka uje ufanye. Mmoja tu alikuuliza kitu ili afanye yeye, na huyo ndiye uliyemwambia asiguse.

Na la droo, usinichezee. Eti silo unaloliombea ushauri. Ndilo hilo, mengine yote ni wino. Furaha hii iliyokutoa jasho kwenye kiyoyozi, mwenzako aliijaza kwenye fomu kwa mkono wake miaka miwili iliyopita, akaja kwako na heshima zote, nawe ukaifungia. Kisha ukamwongopea. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na huyu hata mnyonge si mnyonge, ila wewe ndiye uliyemkalia. Nimeudhika kusoma pale, nakwambia wazi.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho ingia kazini na vibandiko na kalamu ya wino mzito, kila sanduku jeusi lipate jina lake usoni, na kila kebo vilevile ncha zote mbili. Majina ya kifamilia yaache yalivyo, watu wameshayazoea na yananichekesha. Kisha kaeni wawili, yeye ashike kalamu na wewe useme, usiandike mwenyewe, maana utaruka mistari kama ulivyoruka ule wa simu. Asipoelewa ataandika vibaya na utaona pale pale. Maneno ya siri yatiwe kwenye bahasha, ifungwe kwa saini zenu wote wawili, ikae kwenye kabati la mkurugenzi. Halafu chagueni siku yenye wagonjwa wachache, yeye ampumzishe Shemeji, ampumzishe Binamu, amguse Mama Mkwe kwa mkono wake, na wewe mikono yako ikae mfukoni hata ikikuwasha. Mkifanya hivyo mara tatu, hilo jaribio mtalivuka.

Kiti chako je? Siwezi kukuapia, mimi si mwajiri wako. Ninachojua ni kwamba utarudi na kazi ambayo pale hakuna aifanyaye, ya kulinda, na huwezi kulinda nyumba huku umekwama jikoni unapuliza moto peke yako. Akiwa amekaa kwenye kiti cha zamani na anakijua, wewe utapata nafasi ya kukaa kwenye kipya. Huyo fundi simu mpe salamu zangu, umwambie ashughulikie simu.

Kabla ya vibandiko, droo. Itoe ile fomu, mpe mkononi, umwambie ulichofanya kwa maneno machache kama ya mkurugenzi wako. Atakasirika. Mwache akasirike, usimkatize kwa maelezo, na usimwambie ulikuwa na kazi nyingi. Kisha ule mstari wa chini ya barua ulioupita haraka haraka uujaze kwa jina lake, leo, kabla hujasaini la kwako. Wala usiufanye uwe hongo. Akikataa kukusamehe, akikataa hata kukushikia hizo wiki nane, jina lake linaandikwa vilevile na linapelekwa. Na hilo la Dada Printa likome, na uanze kulikomesha wewe.

Siku ya jaribio simu yako isipolia mpaka jioni, utajisikia mpweke kidogo, nakuonya mapema. Kunywa chai, msaidie mkeo kuyakunja hayo mashati, itapita.

Lakini usiingoje siku hiyo. Kuna mtu ana swali lake kwako tangu Jumatano na bado anasubiri. Weka gazeti chini, chukua simu, mpigie sasa hivi. Alikuuliza Mama Mkwe ni mashine ipi. Mjibu.