Salamu Niliyoisikia Vibaya

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Iringa tu wazima. Goti la babu yako limetulia, na ng'ombe kazaa ndama jike, tumempa jina lako. Usinune.

Unaniuliza kama nami niliogopa kukosea lugha nilipokuwa mgeni, kama wewe huko Ujerumani. Niliogopa sana. Miaka ya sabini nilitoka Tanga peke yangu, muuguzi mpya, nikapangiwa zahanati moja karibu na Kalenga. Asubuhi ya kwanza, bibi mmoja aliyesimama mlangoni kwake akaniambia, "Kamwene!"

Mimi nikasikia "kamwone". Nikajua ana mgonjwa.

"Nikamwone nani, bibi?"

"Kamwene, kamwene," akajibu akitabasamu.

Basi nikampita, nikaingia ndani. Neema, nikamkuta mkwewe amelala na kichanga kifuani, anawaka homa, hata kuongea hawezi. Bibi wa watu hakuwa na Kiswahili cha kuja kutuambia. Tulimtibu, akapona.

Jioni mwenzangu kazini akaniambia kamwene ni salamu tu ya Kihehe.

Baadaye, nilipokijua Kihehe kidogo, nikamuuliza yule bibi mbona hakunizuia. Akasema alidhani kwetu Tanga mtu akisalimiwa huingia ndani kuangalia nani anaumwa.

Nikashindwa kumwambia kwamba hatufanyi hivyo. Ila tangu siku ile, mimi nafanya.

Bibi yako anayekuwaza,
Mwanahamisi