Muhtasari wa Makande Yaliyomwagika

Jumatatu, 3 Machi

Baridi. Ukungu kuanzia nyumbani Ganako hadi geti la shule. Nimefundisha vipindi vitatu nikiwa nimevaa sweta ndani-nje. Kidato cha Kwanza walijua, hawakusema. Wamelelewa vizuri.

Zamu ni yangu wiki hii. Saa saba nilitakiwa kuwa jikoni. Nilikuwa ofisini namalizia chai. Nikasikia kelele. Kufika, sufuria nzima ya makande iko chini, wanafunzi wanashangilia, na katikati ya moshi kasimama Nasieku wa Kidato cha Pili, mwiko mkononi. Mwiko wenyewe mrefu kumshinda. Mpishi, Mama Tluway, yuko bombani anaumwagia maji mguu ulioungua. Jioni akaondoka kwenda msibani Endamarariek. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Mkuu wa shule anasema ni mgomo na kiongozi wake kashikwa na mwiko. Anataka mfano. Mimi ndiye katibu wa kamati ya nidhamu. Nimesema sawa.

Jumanne, 4 Machi

Kikao cha nidhamu. Dakika kumi na mbili, pamoja na sala. Walimu watano na Mzee Qamara, mjumbe wa bodi ya shule.

Nasieku aliingia akainamisha kichwa mbele ya mzee. Akabaki hivyo. Mkuu akamuuliza kama ndiye aliyemwaga chakula. Kimya. Akauliza tena. Kichwa bado chini. Nikaandika: "Mtuhumiwa ameinamisha kichwa, ishara ya kukiri kosa." Mwandiko mzuri sana. Niliupenda.

Pendekezo: afukuzwe. Bodi inakaa Ijumaa kuamua. Baba yake ameitwa kutoka Endulen. Nasikia alibishana na kaka zake mwaka mzima ndipo akamleta binti shule. Akirudi na barua yetu, wao wameshinda, na binti haendi darasani tena.

Mke wangu, Mama Paulo, kaniuliza mezani binti alijitetea vipi. Nikamwambia hakusema kitu. "Sasa mlisikiliza nini?" Nikaomba ugali uongezwe.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Asubuhi Uraia, Kidato cha Tatu. Mada: haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Nimeifundisha miaka kumi na tisa. Binti wa dirishani akauliza, "Mwalimu, hata hapa shule?" Nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Jioni kanisani. Foleni ndefu. Zamu yangu ikafika, nikainamisha kichwa. Padri akageuka kuongeza majivu. Nikabaki nimeinama, nasubiri mkono. Ningesimama hivyo hadi Pasaka. Mtu hainui kichwa kabla hajaguswa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Nasieku.

Watoto wa Kimaasai huwasalimu wakubwa kwa kichwa. Wanainama, mkubwa anawagusa utosini, ndipo wanainua uso na kusema. Najua. Mnadani nimegusa vichwa hivyo tangu ujana. Shuleni tumewazoesha shikamoo, nao wanaitoa vizuri. Lakini mtoto akishikwa na hofu hurudi kwenye adabu ya kwao. Alikuwa anamsalimu Mzee Qamara. Watu wazima sita chumbani, hakuna aliyenyoosha mkono. Mmoja alinyoosha kalamu.

Naona aibu. Leo majivu yamempata mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa mkuu. Alianza kwa kucheka. "Baba Paulo, umeandika mwenyewe, umesaini mwenyewe, leo unajikatia rufaa?" Nikasema ndiyo. Nikaongeza: mlalamikaji ni mimi, shahidi ni mimi, katibu ni mimi. Bado kunivika joho la jaji tu. Akaacha kucheka. Hakukubali, hakukataa. "Kaiambie bodi."

Kusema nimekosea mbele ya wake zangu wa ofisini, sawa. Mbele ya bodi ni kitu kingine.

Nimesoma nilichoandika hapo juu. Ni "wenzangu wa ofisini". Mama Paulo asije akalifungua daftari hili.

Mchana Mama Tluway karudi, mguu umefungwa kitambaa. Nikamuuliza. Nilikuwa mtu wa kwanza kumuuliza. Vijana wawili wa Kidato cha Nne walisukumana kwenye foleni, sufuria ikapinduka, ikamuunguza. Nasieku akauchukua mwiko kutoka mkononi mwake, akaizuia sufuria ya pili isifuate. "Bila yule mtoto mngelala na njaa. Na wewe mwalimu wa zamu, ulikuwa wapi?"

Jibu sikuliandika. Swali nimeliandika.

Kesho anakuja kusema mwenyewe mbele ya bodi.

Ijumaa, 7 Machi

Baba yake Nasieku alifika mapema, vumbi hadi magotini. Fimbo kaiacha mlangoni.

Nilisoma muhtasari. Kisha nikasema ile sentensi ya kukiri kosa si kweli, na aliyeitunga ni mimi. Mwenyekiti akataka binti aitwe.

Nasieku akaingia. Akainama. Vilevile kama Jumanne. Nikamtazama Mzee Qamara. Akanyanyuka polepole, magoti yakialika, akamwekea kiganja utosini. Kichwa kikainuka.

Alisema robo saa nzima, bila kusita. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini Jumanne hakusema haya. "Nilikuwa bado sijaitikiwa salamu."

Mama Tluway akafuata, mguu juu ya kiti. Bodi ikaamua: hana kosa. Pendekezo letu limefutwa. Mkuu, kwa kasi yake ya kawaida, akataka wale vijana wawili wafukuzwe palepale. Nikanyoosha mkono. Nikaomba waambiwe tuhuma zao, wazazi waitwe, nao wasikilizwe. Mwenyekiti akaniangalia kama mtu aliyeokoka jana. Wamekubali.

Nje, baba yake Nasieku akaniuliza nimekaa Karatu miaka mingapi. Nikamwambia nimezaliwa hapa. Akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Basi utazoea, mwalimu."

Nimepumua. Nadhani tangu Jumatano nilikuwa sijapumua.

Jumatatu, 10 Machi

Jua limetoka mapema. Sweta sawasawa, nimekagua mara mbili.

Wale vijana wamesikilizwa asubuhi, wazazi wao wakiwepo. Ulikuwa mchezo wa kipuuzi, si mgomo. Wamemwomba radhi Mama Tluway, na wataosha sufuria wiki mbili. Mmoja alijieleza dakika arobaini. Kusikiliza watu kunachosha. Nimeandika yote. Mwandiko mbaya.

Saa saba nilikuwa jikoni kabla makande hayajapakuliwa. Nasieku alipita na sahani yake. Akaniinamia kidogo, upesi, wenzake wasije wakamcheka. Nikamgusa. Nilisahau nimetoka darasani sijanawa mikono. Ameondoka na chaki utosini.

Sikumwita.