Ramani ya Vyoo vya Busia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Cindy amesema niandike. Kila kinachoingia, kila kinachotoka, na vile nimejisikia. Daftari ni la hesabu, lina miraba, ndilo lililokuwa dukani. Haya basi.

Kilichoingia: chai ya maziwa, mihogo ya kuchemsha, omena. Kilichotoka: hiyo ni siri yangu na choo. Nilivyojisikia: mjinga.

Cindy ni mtoto wa dada yangu. Miaka ishirini na sita, ana diploma ya mambo ya lishe, na kila Jumatano anafundisha wamama afya ya tumbo kwenye ukumbi fulani kule Malaba. Mimi nimeenda kwa sababu moja tu. Tumbo langu ni zima mwaka mzima. Linakula kunde za juzi, linakula nyama ya matanga, halilalamiki. Linaniaibisha siku ya mtihani wa leseni peke yake.

Mara ya kwanza ilikuwa Februari. Ofisa alinisimamisha mbele ya ule ubao wenye mji mdogo – kanisa, hospitali, raundabauti, vigari vya watoto. Akaniambia nitoe gari kanisani nipeleke hospitali. Nikashika kigari, tumbo likageuka. Nilikimbia nacho mkononi! Nilikirudisha baadaye, nimekiosha.

Mara ya pili, Mei. Ubao nikapita. Barabarani, gia ya pili, nikasimamisha gari katikati ya lami, nikavuta hendibreki, nikamwacha ofisa ndani na trela tatu nyuma yake zikipiga honi. Mimi huyoo, petroli stesheni. Egesa, mwalimu wangu wa udereva, alitafuta kitu kizuri cha kuniambia. Akasema hendibreki niliivuta vizuri.

Mara ya tatu ni tarehe 28. Umri wangu ni miaka arubaini na saba. Sina haya tena, nina tumbo tu.

Jumanne, 5 Agosti

Maji vuguvugu, glasi mbili, kabla ya chai. Kutafuna kila tonge mara thelathini. Wandera, mume wangu, akanisikiliza nikitafuna. Akauliza kama tumenunua ng'ombe.

Alhamisi, 7 Agosti

Ochom wa Angurai, yule anayetaka kununua pikapu yetu, alikuja tena kuiangalia. Akapiga teke magurudumu yote manne. Sijui huwa yanamwambia nini.

Wandera aliendesha trela miaka ishirini na moja, Mombasa hadi Kampala, akanunua hiyo pikapu iwe ya uzee wetu. Halafu sukari ikachukua macho yake. Sasa ni mwaka wa pili gari liko chini ya turubai hapo uani, na mimi mayai ya kuku wangu nayapeleka sokoni kwa bodaboda. Kila safari trei moja inafika ikiwa imebakisha chumvi tu iwe kimanda.

Tulikubaliana nikianguka mara ya tatu, Ochom achukue. Mimi ndiye nilisema. Nilisema siku ile ya Mei nikiwa na hasira, nikidhani Wandera atakataa. Yeye akasema tu sawa, Mama Trizah. Kila Jumamosi bado analiosha kwa kupapasa. Mikwaruzo yote anaijua kwa vidole.

Kwa vile hakuna wa kusoma hapa, niandike ukweli. Kuanguka mtihani siogopi sana, nimeshaanguka, nakujua. Naogopa kumwona Wandera amekaa kwa kiti chake akisikiliza injini yake ikitoka getini na mtu mwingine. Nikifikiria hivyo tumbo linaanza hata sasa, na leo ni tarehe saba.

Jumatano, 13 Agosti

Malaba. Somo la leo: bakteria wazuri. Ati ndani ya tumbo mna viumbe wema, na wakiwa wachache mtu anakuwa mwoga. Cindy ana vidonge vyao, kwenye chupa, vya kutoka ng'ambo. Nilicheka hadi akaniuliza kuna nini. Mama mkwe wangu kule Sigalame amewafuga hao bakteria kwenye chungu cha uji wa kuchacha tangu niolewe na mwanawe, na hajawahi kuwaandikia lebo.

Kisha kupumua. Vuta hesabu nne, shika nne, toa nne. Jione umeshinda. Mama mmoja nyuma akajiona amelala, akakoroma kweli.

Cindy akauliza kila mtu huwa anafanya nini akishikwa na hofu. Wengine wanaomba, wengine wanakula. Nikasema mimi natafuta choo. Na ni kweli. Tangu Mei siingii mahali kabla sijajua choo kiko upande gani. Nimeviandika vyote huku nyuma ya daftari. Akasoma zile kurasa, uso ukaanza kunionea huruma. Akasema huko ni kujiandaa kushindwa, nizichane.

Sijazichana. Karatasi ni yangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeongeza viwili. Sasa ni kumi na vinne, kutoka Korinda mpaka mpakani. Kwa mfano:

Cha soko – hufungwa saa saba hadi saa nane, wanaosha. Hapo ndipo watu wanakihitaji, lakini nani anauliza watu.

Cha petroli stesheni – ufunguo anao Hesbon, na Hesbon saa saba akienda kula anaenda nao, sijui anaogopa choo kiibiwe.

Cha kanisani kwetu, nyuma ya ofisi ya padri – maji yapo, karatasi ipo, hakifungwi. Shida ni kuingia kwa gari. Geti ni jembamba na trela zinaegeshwa hadi hapo.

Jumapili, 17 Agosti

Siku mbaya.

Cindy alinipa chai yake ya majani, mkebe wa kijani wenye picha ya jani moja. Kikombe kimoja kabla ya jambo kubwa, hofu yote inatoka. Nikaona nisijaribie mtihani, nijaribie Misa. Nikanywa saa tatu kasoro dakika tano. Padri alipoanza mahubiri, saa tatu na ishirini kamili, nikatoka. Dakika ishirini na tano! Hata basi za Nairobi haziheshimu saa hivyo. Nyumbani kwetu hakuna anayejua mahubiri yalihusu nini, maana Wandera aliniandama nje akidhani nimeitwa na simu ya msiba.

Kilichotoka: kila kitu. Nafikiri na cha mwaka jana.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempigia Cindy. Amefurahi. Anasema hiyo ni sumu inaondoka. Kama ile yote ni sumu, basi mimi miaka yote nimekuwa nikiishi kwa muujiza. Nikamuuliza na hofu je, imeondoka lini, kwa maana bado niko nayo. Akasema niendelee siku ishirini na moja.

Chai nimeimwaga chooni. Wajuane huko.

Jumamosi, 23 Agosti

Asubuhi uji wa kuchacha, wa wimbi, bila lebo. Maji vuguvugu nayo yameshakuwa mazoea, siyachukii. Kutafuna nimeshuka hadi kumi na tano, ili tuweze kuongea mezani.

Mazoezi na Egesa. Kurudi nyuma kati ya madebe: nimegonga debe moja. Kugeuza gari kwa hatua tatu: mimi hufanya tano. Egesa anasema ofisa atahesabu. Najua atahesabu, ndiyo kazi yake, na ndiyo sababu zinakuwa tano.

Jioni nimemkuta Wandera ndani ya pikapu, kiti cha abiria. Amevua turubai peke yake. Akaniambia nikae kwa usukani, tusiwashe. Akanieleza barabara ya Malaba yote kwa mdomo, Adungosi, Amagoro, wapi kuna matuta, wapi trela hupenda kulala kando. Mimi nakanyaga klachi tu. Tulifika mpakani bila kutoka uani. Nikamuuliza kama yeye alikuwa anaogopa, enzi zake. Akasema kila siku, na yake pia ilikuwa tumboni, ndiyo maana alikuwa anaimba.

Miaka ishirini na mitatu kwa ndoa nikidhani mwanaume anapenda kuimba.

Jumatano, 27 Agosti

Uji. Maji. Mikono baridi.

Ochom amepiga simu. Atakuja kesho mchana na fundi, ati kuangalia tu. Darasa la Cindy sikuenda.

Alhamisi, 28 Agosti

Naandika nikiwa ndani ya gari la Egesa, kwa kiti cha dereva, nje ya ofisi ya padri. Injini imezimwa. Ofisa yuko chooni. Acha nieleze haraka kabla hajatoka.

Tulikuwa tisa. Ofisa ni mpya, anaitwa bwana Oketch, kijana wa tai na shati lililolowa mgongoni, na jua halikuwa kali. Ubao nimepita, lakini sijivuni, hakuwa anaangalia vizuri. Barabarani nikawekwa wa mwisho. Wenzangu wakamaliza, Egesa akabaki nao kituoni, tukaondoka wawili tu, mimi na ofisa. Tumbo langu lilikuwa limeanza salamu zake. Gia ya kwanza, ya pili. Nikawa nahesabu vyoo kimoyomoyo.

Karibu na soko akaniambia nisimamishe gari. Nikajua nimeanguka. Nikaegesha, indiketa na kila kitu, nikasubiri hukumu. Hakuandika kitu. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "huku kuna choo?"

Nikamwangalia. Nikaangalia begi lake miguuni, zipu wazi. Mkebe wa kijani. Picha ya jani moja.

"Ulikunywa saa ngapi?"

Akashangaa, lakini mtu wa hali ile habishani. "Saa saba kasorobo. Kuna dada mmoja aliniambia itanituliza. Hii ni wiki yangu ya kwanza kutahini watu."

Saa ya gari ilisema saa saba na dakika tano. "Tuko na dakika tano," nikamwambia. "Funga mkanda."

Cha soko kimefungwa. Cha Hesbon, Hesbon anakula. Kimebaki cha padri, na cha padri kiko nyuma yetu. Nikageuza gari pale pale kwenye mchanga kando ya lami. Hatua tatu. Sikuhesabu mimi, nilimsikia yeye akisema "tatu" kwa sauti ndogo, nadhani ni mazoea ya kazi. Trela ikaniwashia taa, nikaipisha. Nyingine ikanipisha. Kwenye matuta nikapita taratibu sana, kwa sababu najua tuta linamfanyia nini mtu wa namna ile. Hapo kwa geti trela mbili zimeegeshwa, nafasi ni ya baiskeli. Nikaingia kinyumenyume. Hakuna debe lililogongwa, maana hapakuwa na debe, palikuwa na ukuta wa kanisa.

Nikavuta hendibreki. Nikamwambia mlango wa pili, wa kwanza hauna komeo. Akakimbia.

Hiyo ilikuwa saa saba na dakika kumi. Sasa ni saa saba na ishirini.

Fomu ameiacha hapo dashibodi. Naiona kutoka hapa: jina langu, Roselida Wandera, kisha sanduku moja la matokeo ambalo halina kitu ndani. Kalamu nayo iko juu yake. Mimi naandika na yangu. Sitaki mtu aseme nimejijazia.

Nimepumua, nne, nne, nne, ili niangalie tumbo linasemaje. Halisemi. Nimelisubiri. Kimya kabisa. Sikumbuki lilinyamaza wapi, sokoni au kwa geti. Sikuwa na nafasi ya kuogopa, nilikuwa na mgonjwa.

Wandera amepiga. Ochom amefika na fundi wake, wamefungua boneti, anataka jibu. Akauliza, polepole, kama mtu anayepapasa mkwaruzo mpya: "Nimwambie nini?"

"Mwambie afunge boneti akae. Ofisa yuko chooni."

Akawaita huko wafunge boneti. Halafu akacheka. Tangu Mei sijamsikia akicheka hivyo, nikatoa simu sikioni nikaiangalia. Alipomaliza akauliza, "Na wewe?"

"Mimi niko kwa usukani."

Komeo limelia. Huyo anatoka. Anatembea kwa adabu, tai imekaa begani. Amekaa. Hajaniangalia. Amechukua fomu, ameiweka mapajani, amechukua kalamu, anaizungusha vidoleni. Mimi najifanya naandika hesabu za mayai.

Anauliza kama kati ya hapa na kituoni kuna kingine.

Viwili, nimemwambia, na kimoja kina maji. Amerudisha kalamu mfukoni, anafunga mkanda, ananiambia niwashe, twende, lakini taratibu kwa matuta. Nafunga daftari, nawasha.