Vinzi Katika Mrehani wa Mama

Ng'ambo,
Tabora.
Jumapili, 9 Novemba, 1975

Mpendwa dada yangu Mwanamkuu,

Shikamoo. Na kabla hujaitika marahaba kwa ile sauti yako ya hakimu, pokea salamu za mdogo wako Abasi, mzima wa mwili, ila akili imebaki nusu. Hali yako vipi huko Ujiji? Goti linasemaje? Na shemeji, bado anakoroma hata watu wa ziwani wanadhani meli imefika? Huku mvua zimeanza, tunamshukuru Mungu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima anasema mwandiko wangu ni wa kuku aliyekanyaga majivu, lakini unasomeka. Basi soma polepole, maana mwenzio nimefikwa.

Dada, nyumba yangu imeingiliwa na vinzi. Si nzi hawa tuliozaliwa nao. Hivi ni vidogo kama punje ya ulezi, vyeusi, havina sauti. Vinaruka kama vimechoka, lakini ukivipiga kofi unajipiga mwenyewe. Vimo kwenye uji, vimo kwenye chai, vimo puani. Juzi balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Anton, alikuja kukagua usafi. Nikampa kahawa, akanywa na viwili. Akasema, "Mzee Abasi, kahawa yako ina nyama." Nikamwambia ashukuru, buchani nyama haionekani. Hakucheka.

Chanzo chake ni hiki. Binti yetu Mwanajuma alijifungua kule Igalula, na mama yake, Kuluthumu, akaenda kumwangalia mpaka arobaini itimie. Mimi akaniachia mrehani. Unaujua, ni ule uliotokana na kitawi ulichonikatia siku tulipomzika mama, nikaja nacho kwenye treni ndani ya kitambaa kibichi. Mke wangu ameuotesha hadi umejaa makopo manne, ameyapanga dirishani jikoni. Anaupenda kuliko anavyonipenda mimi, na sina ubishi, unanukia kuliko mimi. Siku ya kuondoka aliniambia neno moja tu: "Nikikuta umekauka, ujue na mimi nimekauka kwako."

Ungekuwa wewe usingeogopa? Nikaumwagilia asubuhi, mchana na jioni. Maji ya kuoshea mchele, humo. Makapi ya chai, humo. Mrehani ukanywa kuliko injini ya treni. Kuluthumu aliporudi aliukuta mbichi kweli, ila juu yake limetanda wingu jeusi. Akadhani sijafagia tangu aondoke. Hapo alinionea, nilifagia mara moja.

Tukafukiza majani ya mwarobaini. Tulilia sisi, vinzi vikabaki. Dawa ya kupuliza nikaifuata duka la ushirika, nikakuta dawa hakuna, foleni ipo. Ndipo mtani wangu Kasimiri, mrina asali wa kule Ipole, akanipa ujuzi: tia tone la asali kwenye kikombe cha maji, funika kwa kitambaa chenye matundu madogo, vinzi vitaingia na kutoka vitashindwa. Mimi tone nikaliona ubahili. Nikajaza kikombe asali tupu, nikakiweka dirishani bila kitambaa, nikaenda zangu kuswali adhuhuri.

Mtu wa Tabora, dada, mwenye mvi, anaacha asali wazi. Narudi, nakuta nyuki wa Unyamwezi nzima wamefanya mkutano jikoni kwangu. Kuluthumu yuko uani kajifunika kanga mbili, jicho moja limevimba mpaka limefumba. Hakunitukana. Hilo ndilo lililonitisha. Alifunga mzigo wake, akasema, "Nitarudi siku nyumba yako itakapokuwa haina chenye mabawa." Nikamuuliza, hata malaika? Akanitazama kwa lile jicho zima, akashika njia ya stesheni.

Kasimiri alikuja na moshi wake akawatoa nyuki, akalamba na asali iliyobaki, huku akiniita Bwana Mzinga. Nyuki wamekwenda. Vinzi vipo.

Sasa kila mtu ananiambia tupa huo mrehani, maana ndimo vinamozaliwa. Ukigusa udongo tu vinafumuka. Lakini niutupeje? Nikiutupa, Kuluthumu hakanyagi hapa. Nikiuacha, hakanyagi vilevile. Jana nilinyanyua kopo moja nikafika nalo hadi jalalani. Upepo ukavuma, harufu ikanipiga, nikamwona mama anakuchomekea kitawi kwenye nywele siku ya ndoa yako. Nikarudi nalo kopo langu, na vinzi vyangu nyuma kama wapambe.

Usinicheke sana. Nachemsha chai, nakuta nimetoa vikombe viwili. Kimoja naviachia vinzi.

Nakuomba ukumbuke kwa ajili yangu. Mama alikuwa na makopo mengi kutushinda sote, na sikuona kinzi hata kimoja. Alikuwa akifanya nini? Nakumbuka akitutuma ziwani kuleta mchanga, nami nikidhani ni wa kusugulia sufuria. Je, alikuwa akiutandaza juu ya udongo? Kwa kubahatisha nimeshafanya hivyo. Maji nimeacha kumwaga, makopo nimeyatoa juani, na mchanga mkavu nimeutandaza juu. Vinzi vimepungua, siongopi, ila majani nayo yamelala. Sijui nani atatangulia kufa, vinzi, mrehani au mimi.

Mwanajuma amenitumia habari kwa mtu wa treni kwamba mama yake atakuja Ijumaa ya wiki ijayo, kuangalia tu. Mzigo anauacha Igalula. Kuangalia tu, dada, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa asiye wake.

Basi nijibu upesi, na ukate kitawi kwenye mrehani wa mama, ukifunge kwa kitambaa kibichi, umpe mtu wa treni ya kwanza. Wangu ukifa, nisisimame mlangoni mikono mitupu. Na ukiona kitachelewa, panda treni uje wewe mwenyewe. Kuluthumu hajawahi kukubishia, na hata ukinitukana safari nzima ya kutoka stesheni, nitafurahi kusikia mtu akisema ndani ya nyumba hii.

Msalimie shemeji, msalimie mjukuu wako Mwanne, mwambie babu yake wa Tabora bado ana meno mawili ya kumcheka. Mungu akuongezee umri, alilainishe goti lako, na dirisha lako lisikose harufu ya mama.

Ni mimi mdogo wako, uliyenichapa kwa mwiko na bado nakupenda,

Abasi bin Nassibu

Hilo doa karibu na jina langu si wino, lilikuwa na mabawa.