Maneno Yaliyokataa Kufumuka

Nakala hii ni ya mjumbe wa saba, Fundi Herufi, mjukuu wangu wa damu, ambaye kwa vikao vinne sasa kiti chake kinakaliwa na paka. Kwa basi ni mwendo wa saa mbili tu. Hukuja mvua ilipotoboa paa, hukuja nilipovimba mguu, na juzi umepelekewa wito wa kikao ukajibu kwa simu mistari miwili, kama mtu anayemjibu mwenye nyumba. Haya, kaa chini. Soma yote, usirukeruke, maana nakujua. Utaona mwenyewe pengo lako limetufikisha wapi.

CHAMA CHA MAFUNDI CHEREHANI WA BARABARA YA NYUMA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA TISA

Tarehe: Jumamosi, wiki tatu kabla ya uchaguzi wa rais.
Mahali: Chumba cha kukatia, karakana ya chama.
Muda: Saa nne asubuhi kwa wenye adabu, saa tano kasoro robo kwa Fundi Suruali.

Waliohudhuria:
Mwenyekiti, mkataji
Fundi Suruali, shemeji yake Mwenyekiti
Mpiga Pasi
Vifungo, binti wa vifungo na matundu yake
Mama Mpiga Chapa, mshonaji na mfumuaji
Katibu, mwandishi wa haya

Mwalikwa: Mratibu wa kampeni ya Mgombea wetu (hana kura).

Hakuhudhuria: Fundi Herufi. Udhuru wake uko KUMB. NA. 6/9.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao na kuwaomba wajumbe waseme mmojammoja na kwa adabu, kwa kuwa kuna mgeni. Katibu aliuliza kama asipokuwepo mgeni adabu inaruhusiwa kulala. Mwenyekiti alisema tuendelee. Aliongeza kwamba Katibu aandike yaliyosemwa tu, si anavyoyaona yeye yaliyosemwa. Agizo limeandikwa.

KUMB. NA. 2/9: YATOKANAYO NA KIKAO CHA NANE

Kwa faida ya mjumbe ambaye hakuwepo, ilielezwa upya habari ya bango.

Bango ni lile la kitambaa cha buluu, mita sita, tulilomshonea Mgombea wetu aliposimama mara ya kwanza, miaka mitano iliyopita. Alishindwa. Bango likabaki barazani likitazamana na jua, kila siku ya Mungu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kulishusha. Lina mistari mitatu ya herufi nyeupe. Wa kwanza ni jina lake. Wa pili ni MABADILIKO. Wa tatu ni WALIOFUNGWA KWA MANENO YAO WATATOKA. Huo wa tatu aliukata na kuushona mjumbe wa saba, na Katibu, ambaye shule aliiona kwa nje tu, alikuwa akimshikia pini. Kila herufi iliyopita mkononi mwake aliuliza jina lake. Huo ndio mstari wa kwanza Katibu aliousoma mwenyewe duniani.

Aidha ilikumbushwa kwamba mwana wa Mama Mpiga Chapa ni mmoja wa hao waliofungwa. Alichapa karatasi moja, mbele na nyuma, iliyouliza kwa nini redio ya mji imezimwa. Huu ni mwaka wa sita yuko ndani na hakimu hajamwona. Katika kampeni ile ya kwanza Mgombea wetu alikwenda nyumbani kwa mama huyu, akakaa kwenye kiti chake, akanywa maji yake, akamshika mikono yote miwili akisema, "Mama, kesi yako ndiyo ya kwanza."

Kikao cha nane kilipokea ombi la ofisi ya kampeni kwamba bango litumike tena, ila mstari wa tatu ufumuliwe. Mikono ilinyooshwa, na wa Katibu ulikuwamo. Hili limeandikwa na mkono huohuo. Sababu aliyoitoa Katibu siku ile ni, "Tushinde kwanza, mengine baadaye." Mama Mpiga Chapa alinyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa amekubali. Kisha kazi ya kufumua akapewa yeye, kwa kuwa hakuna mwenye mkono mtulivu wa wembe kama wake. Hakuna aliyefikiri. Au kila mmoja alifikiri, akatazama dirishani.

Mpiga Pasi alitoa taarifa ya utekelezaji. Alisema Alhamisi Mama Mpiga Chapa alimaliza kufumua, hakutoboa kitambaa hata mahali pamoja. Yeye akalipiga pasi bango ili afute matundu ya sindano. Alipoinua pasi alimwita Vifungo aje athibitishe, akidhani macho yake yamezeeka. Buluu ya bango imepauka, imekuwa kama maji ya kufulia, lakini palipokuwa na herufi jua halikufika. Maneno yote yamebaki pale, buluu mbichi kama siku tuliyokinunua kitambaa.

"Tumelifumua," alisema Mpiga Pasi, "na sasa linasomeka hadi ng'ambo ya barabara."

Ilionekana kwamba kila fundi hapa anajua kitambaa kilichofunikwa hakipauki. Mafundi sita, na wote sita tulisahau.

KUMB. NA. 3/9: MAELEZO YA MRATIBU WA KAMPENI

Mratibu alishukuru kwa mapokezi. Alieleza kwamba Mgombea anawapenda sana mafundi, na kwamba bango linatakiwa Ijumaa, litundikwe nyuma ya jukwaa kwenye mkutano mkubwa. Mstari ule, alisema, haukufutwa moyoni, umeondolewa kwenye kitambaa tu. Uchaguzi huu unatafuta watu wa katikati, na watu wa katikati wakisikia habari za wafungwa wanaogopa.

Katibu aliuliza hiyo katikati iko wapi. Mratibu alisema ni kati ya pande mbili.

Katibu alisema, "Mwanangu, mimi nimevuka mto kwa miguu. Katikati ndipo watu wanapozama."

Mwenyekiti alimtaka Katibu aandike, asiseme.

Vifungo aliomba ufafanuzi kuhusu yule waziri wa zamani aliyeonekana jukwaani wiki iliyopita kwenye kampeni yetu. Mratibu alisema chama ni nyumba pana, na mtu hubadilika. Mpiga Pasi alisema hana ugomvi na mtu kubadilika, anachotaka kujua ni kama huyo siye aliyetia sahihi redio ya mji izimwe. Mratibu alikiri kuwa ndiye. Mpiga Pasi alisema basi iandikwe kwamba aliyezima redio sasa ndiye anayemshikia mgombea wetu kipaza sauti. Imeandikwa.

Mratibu alipendekeza kwamba juu ya maneno yaliyobaki ishonwe picha ya Mgombea, iliyochapwa kwenye kitambaa, upana wa mita nne. Alikuwa amekuja nayo ndani ya mfuko. Ilitandikwa mezani. Anacheka.

KUMB. NA. 4/9: MJADALA

Mwenyekiti alieleza kwamba yeye ni wa chama cha Mgombea tangu kikiwa na wanachama wanaoenea kwenye benchi moja, na hatakubali kuona Mkubwa aliyeko madarakani anarudi kwa sababu ya mstari mmoja wa kitambaa. "Mnataka usafi? Haya, kaeni na usafi wenu miaka mitano mingine, mkiuosha na kuuanika."

Fundi Suruali alimuunga mkono shemeji yake. Alisema suruali haiwezi kumkaa kila mtu, unaipunguza hapa, unaiachia pale. Vifungo alimwambia, "Umeipunguza mpaka imekuwa leso, fundi." Kikao kilicheka. Fundi Suruali hakucheka, na aliomba isiandikwe. Ombi lilikataliwa na Katibu.

Katibu aliruhusiwa kusema kama mjumbe. Alisema Mkubwa hajawahi kumdanganya: anasema atapiga, anapiga. Huyu wetu ndiye anayemuumiza, kwa kuwa ndiye aliyempa moyo. Alisema katika umri wake amepiga kura za rais saba, na zote alirudi nyumbani akijiambia safari hii nimechagua kidonda kidogo. Sasa kidonda kidogo kinamwomba amfunike mtoto wa mwenzake kwa picha ya mtu anayecheka. Alisema yeye bango analitaka lilivyo. Kama Mgombea anaona aibu kusimama mbele ya maneno yake mwenyewe, asimame pembeni.

Mratibu alisema, "Bibi, ukilitundika hivyo unampa kura Mkubwa."

Katibu alijibu, "Kura yangu naijua, nitampa huyuhuyu wako, na nitakunja uso nikimpa. Lakini sindano yangu simpi."

Hapo Mama Mpiga Chapa, ambaye hajasema neno kikaoni tangu mwaka jana, aliomba nafasi. Alipewa. Cherehani ya Fundi Suruali iliyokuwa ikizunguka bure ilizimwa.

Alisema:

"Herufi zile nilizifumua moja moja. Hakuna aliyeniuliza, na sikusema, basi tusilaumiane. Leo nasema. Mimi nataka picha ishonwe."

Katibu alimkatiza na kumwambia, "Dada, ni mwanao huyo!"

Alijibu, "Ndiyo, ni wangu. Wewe unalilia maneno, mimi namlilia mtu. Mkubwa akirudi, mwanangu atazeekea ndani. Huyu akishinda akanisahau, angalau nitajua mlango wa kwenda kugonga. Alikaa kwenye kiti changu. Nitakibeba kiti hicho kichwani hadi lango la ikulu, nitamkalia pale. Wewe dada utabaki na bango lako zuri."

Mratibu alianza kusema kwamba amefurahi sana kusikia hivyo. Mama Mpiga Chapa alimwambia asifurahi.

Katibu alirudi kwenye daftari lake bila kuagizwa. Inaandikwa hivyo kwa kuwa ni nadra.

KUMB. NA. 5/9: KURA

Kura zilipigwa kwa kunyoosha mkono.

Waliotaka picha ishonwe: Mwenyekiti, Fundi Suruali, Mama Mpiga Chapa.
Waliotaka bango libaki lilivyo: Mpiga Pasi, Vifungo, Katibu.

Mwenyekiti alisema kura zikilingana yake ihesabiwe mbili. Vifungo alimkumbusha kwamba katiba ya chama inakataza, na aliyeandika kifungu hicho ni Mwenyekiti mwenyewe, kwa maneno haya: "Ili asizaliwe Mkubwa mdogo humu ndani." Mwenyekiti alisoma kifungu mara mbili, akakunja karatasi.

Iliamuliwa kwamba kura ya mjumbe wa saba itafutwe kabla ya Alhamisi. Bila hiyo bango halishonwi wala halitundikwi.

KUMB. NA. 6/9: UDHURU WA MJUMBE WA SABA

Katibu aliusoma udhuru kwa sauti: "Siji. Nimeacha mambo ya kura, ya chama na ya nchi. Wote baba mmoja mama mmoja."

Fundi Suruali alisema angalau kijana ana akili. Mpiga Pasi alisema hata yeye miaka mingine hulala siku ya uchaguzi, kisha huamka akikuta wenzake wamemchagulia.

Katibu alieleza kikao kwamba anamfahamu aliyeandika. Kampeni ile ya kwanza alikesha siku tatu akikata herufi hadi vidole vikatoka malengelenge, na matokeo yalipotangazwa alikaa chini ya meza hii ya kukatia, hakutaka kutoka. Si kwamba hajali. Alijali mara moja, kwa moyo wote, akachomwa, na sasa anauita moto baridi. Katibu alisema hata yeye ana hasira, ana hasira hadi kwenye magoti, lakini hasira yake inakuja kikaoni.

Kikao kiliupokea udhuru. Hakikuukubali.

KUMB. NA. 7/9: MENGINEYO

Mkanda wa cherehani ya tatu umekatika tena. Mpiga Pasi atautazama.

Mratibu aliomba arudishiwe mfuko wake. Alirudishiwa. Picha imebaki.

Herufi zilizofumuliwa ziko kwenye kopo la biskuti, rafu ya juu. Zilishonwa thelathini na moja. Katibu amezihesabu mara mbili, zimo thelathini. Hakuna aliyeulizwa, na hakuna atakayeulizwa.

KUMB. NA. 8/9: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti alifunga kikao saa saba na dakika kumi. Alipotoka alipita mbele ya bango lililotandikwa, akapitisha kiganja juu ya mstari wa tatu kama mtu anayenyoosha shuka ya mgonjwa. Hili halikusemwa, kwa hiyo halikuandikwa.

Mwenyekiti: (sahihi) Ametia sahihi akisema hakubaliani na nusu ya haya, ila ndivyo yalivyosemwa.

Katibu: (sahihi) Kwa mkono wangu, herufi zote.

Kwa mjumbe wa saba:

Sikuambii upige vipi. Nilikuwa nimejiandaa kukuambia, kisha yule dada akasema aliyosema. Inawezekana ana haki. Inawezekana nina haki mimi, na mwanawe asitoke. Mambo ya kura za rais siku hizi ndivyo yalivyo: hata ukishinda unabaki umemkanyaga mtu.

Njoo Jumatano kabla ya adhuhuri. Usipitie kwangu. Ingia karakana kwa mlango wa nyuma, mwamkie Mama Mpiga Chapa kwanza, ukae upande wake wa meza. Na ukinyoosha mkono, wowote ule utakaoamua, unyooshe akiwa anakutazama.