Nguzo Zimefika, Turubai Imebaki

Jumatano, upande wa Zaire. Asubuhi jua lilikuwa kali mpaka tandiko la baiskeli likawa kikaango. Sasa ni alasiri, mawingu meusi yanapanda kutoka Sudan, na mimi nimekaa chini katikati ya nguzo za hema. Nguzo tu.

Usinicheke bado. Subiri nifike.

Mambo yalianza na wale wazungu wawili, mke na mume, waliopita Arua na baiskeli zao nyembamba kama panzi. Walikuwa wanatembea nchi za watu na kulala hemani kwa hiari yao, bila kufukuzwa na mtu. Tuliwatazama wakikaza kamba pale Dadamu, nje kidogo ya mji. Rafiki yangu Rajabu alicheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Sahibu, sisi tulilala hemani kwa shida. Twende tulale tena kwa raha."

Maneno matamu hayo. Mzee mzima mimi, magoti yanalia kuliko mnyororo, nikayameza bila kutafuna.

Hema tunalo. Ni lile la ukimbizini, wakati vita vilipotufukuza kwetu tukavuka huku na watoto mgongoni. Tulipewa hema moja kwa nyumba mbili, ya Rajabu na yangu. Ili mmoja asije akahama nalo, wake zetu waliweka sheria: nyumba moja ikae na turubai, nyingine na nguzo. Kila tulipohamishwa, turubai na nguzo zilifika pamoja. Tumerudi Arua, sheria haikufa. Turubai inalala chini ya kitanda cha Rajabu, nguzo ziko darini kwangu, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Binti yangu Zainabu alipozaliwa humo, upepo uling'oa vigingi vyote. Rajabu alisimama kwenye mvua ameikumbatia nguzo ya katikati kama bibi harusi, mpaka mtoto akalia.

Mtu aliyekushikia nguzo namna hiyo, humuulizi amefunga nini kwenye gunia.

Na mimi sikuuliza. Jana tulipoondoka Arua, turubai kwenye baiskeli ya Rajabu na nguzo kwenye yangu, mke wake, Mama Asina, alitufungia kisra, ule mkate wetu mwembamba wa Kinubi, akaniambia, "Shemeji, huyu muzee ni mutoto. Rudisha yeye kwangu muzima." Nikamjibu kwamba akivunjika nitaleta vipande. Alinipiga na kitambaa cha jikoni. Tukaenda tukicheka.

Tulilala Koboko kwa binamu yangu. Leo asubuhi Rajabu akaniletea gunia. "Hii vyombo ya kupika, sahibu. Keria yako iko na nguvu." Nguvu gani? Kwenye kilima cha Lobule nilisukuma baiskeli kama punda wa mahari. Gunia likigonga kengele-kengele, mimi nikimchokoza: "Unaenda kupika ng'ombe mzima na pembe?" Rajabu, ambaye kutoka Arua mpaka Koboko aliimba hata kwenye matope, alikuwa anakanyaga tu, ametazama mbele.

Hapo ndipo ilinipasa kujua. Lakini mtu akifurahi anakuwa mjinga, na mimi nilikuwa na furaha nyingi.

Kwenye kizuizi cha mpaka askari wa Zaire aliuliza, "Wazee, munaenda kufanya nini?"

"Kutembea," nikasema.

"Kutembea ya nini?"

"Kutembea bure. Kama wazungu."

Alicheka mpaka akasahau kutuomba sigara.

Tulikuwa tumepanga kwenda moja kwa moja kwenye kiwanja cha kambi ya zamani. Rajabu akakata kushoto. Njia ndogo, migomba, halafu nyumba mpya, udongo wa ukuta bado unyevu, nyasi za paa bado za manjano. Mwanamke akatoka, si msichana, lakini meno mazuri, na furaha yake ilimtangulia. Alipokea baiskeli ya Rajabu kama mtu anayepokea mtoto. Kisha akanitazama.

"Na huyu njo mutu ya mizigo? Akae kwa kivuli, nitaletea yeye chai."

Nilimngoja Rajabu aseme. Neno moja tu lilitosha: ndugu yangu. Rajabu aliinama akaanza kuminyaminya tairi, eti anapima upepo.

Tairi lilikuwa gumu kama jiwe.

Chai niliinywa. Hasira na sukari havigombani. Nikiwa hapo kivulini yule mama akafungua lile gunia: sufuria, shuka la maua, mkeka wa kusalia, kanzu ya Idi ya Rajabu imekunjwa vizuri. Mtu anayeenda kutembea habebi kanzu ya Idi. Nimemsukumia mwenzangu harusi yake yote mpaka juu ya kilima, na jasho nimetoa mimi.

Baadaye Rajabu akanivuta pembeni, karibu na banda la mbuzi. "Sahibu, mimi nabaki huku. Dini inaruhusu."

Nikamwambia dini imeruhusu wake wanne, sijasikia mahali imeruhusu kumgeuza rafiki punda.

Hakucheka. "Wewe utaambia Mama Asina. Wewe iko na mdomo tamu. Na ile nguzo, acha hapa. Huyu mama anataka kuuza chai kando ya barabara, turubai peke yake haisimami."

Shajara, niligeuka nikaifuata baiskeli yangu. Nilifunga nguzo zangu kwenye keria nikaondoka.

Kiwanja cha kambi sasa ni shamba la muhogo. Mwenye shamba aliniruhusu pembeni. Nimesimamisha nguzo zote, nimepigilia kila kigingi, ya katikati nimeikaza kwa mawe. Mwenye shamba alipita akasema, "Baba, hema yako iko uchi." Nikamwambia nguo zake zimeolewa. Alicheka yeye. Mimi nilijaribu.

Nimekuwa nikitazama ile njia ndogo tangu nikae. Niseme ukweli: nilidhani atakuja. Akiziona nguzo hivi, nilidhani, hata akija kugombana atakuja na turubai begani. Tone la kwanza limeshaanguka kwenye ukurasa huu. Hajaja. Na mvua hii anaijua.

Kesho nikiamka na mifupa bado inanitii, narudi. Yeye anafikiri nilibeba sufuria zake kuja, basi nitabeba na maneno yake kurudi. Hayo hayapandi keria yangu. Nitaegesha baiskeli mlangoni kwa Mama Asina na nitashusha nguzo moja moja, mbele yake, bila kufungua mdomo. Yeye na mke wangu ndio waliotunga ile sheria. Akiona nguzo zimefika bila turubai, atajua yote kabla sijashusha ya mwisho.

Halafu nitamwomba chai. Ataniita shemeji.

Sijui kama nitaweza kuitika.