Ovaroli Zimerudi Zimepigwa Pasi

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi. Mlima umejifunika gubigubi, kama hautaki kuhusishwa na yaliyonipata.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda changu hapa Njoro mjini, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Mbele yangu kuna ovaroli kumi na moja nyeupe pee, zimefuliwa, zimenyooshwa, zimekunjwa, zinanukia sabuni. Sijawahi kuchukia usafi kama leo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni msaidizi wa utafiti. Tunachunguza dawa za mashambani zinavyowaingia wanaozipulizia na zinavyowaathiri kiafya. Kazi yangu ni kupanda huko juu ya Sanya Juu, kwa wakulima wa kahawa na mboga, kuuliza maswali na kurudi na sampuli. Bosi wangu namwita Dokta. Ni mama mpole, na akizidi kuwa mpole ndipo ninapoogopa.

Sampuli zenyewe ndizo hizi ovaroli. Tuligawa kumi na mbili siku ya Jumatatu, kila moja imeshonewa vitambaa vidogo vya pamba kifuani, mgongoni, mikononi na mapajani. Mzee anavaa, anabeba bomba mgongoni, anapiga dawa asubuhi nzima, akimaliza anavua na kuitia kwenye mfuko niliomwachia. Maabara inapima kila kitambaa kimenasa dawa kiasi gani. Kwa hiyo uchafu wa ile nguo ndiyo kazi yenyewe. Bila uchafu hakuna ripoti, na bila ripoti sioni kwa nini mkataba wangu unaoisha mwisho wa mwezi huu uongezwe.

Niliwaambia wale wazee mara tatu kwamba nguo isifuliwe. Niliwaambia kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kichagga changu cha Kibosho, ambacho watu wa huko juu Siha wanakisikiliza huku wakibana kicheko. Wote waliitikia. Na wote wametimiza ahadi, maana hakuna hata mmoja wao aliyefua.

Kule hakuna mzee anayefua. Hilo nilipaswa kulijua, mimi niliyezaliwa huku huku.

Leo nilianzia kwa Mzee Kalisti, kwa sababu ndiye mshiriki wetu makini kuliko wote. Hakuwepo, alikuwa ameenda kuangalia ng'ombe. Nilimkuta mkewe, Mama Flora, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yao. Nikamwamkia, akaniitikia, akanikalisha, akaniletea mtori wa ndizi na nyama. Kisha akaingia ndani na kutoka amebeba kwa mikono miwili kitu kilichofunikwa kanga. Nilidhani ni keki.

Ilikuwa ovaroli. Imepigwa pasi ya mkaa hadi ina mistari miguuni. Juu yake alikuwa ameweka parachichi tatu.

"Nguo hiyo nimeishughulikia kweli kweli," akaniambia. "Nimeiloweka mara mbili. Ile dawa inang'ang'ania, mwanangu."

Nikamwuliza vile vitambaa vya pamba viko wapi.

Akacheka. Kumbe alivihesabu kuwa viraka, akamwonea huruma aliyevishona. "Nani alikushonea vile? Vilikuwa vinaning'inia. Nikavibandua vyote, nikavifua peke yavyo, nikavirudishia kwa cherehani. Angalia, hata uzi hauonekani."

Niliangalia. Uzi hauonekani kweli. Kama tungekuwa tunachunguza ushonaji, Mama Flora angepata cheti.

Nikamweleza kwamba tulitaka ile nguo ibaki na uchafu wake. Alinitazama kama mtu anayepima iwapo mgeni ana homa. "Yaani umempa mume wangu nguo mpya nyeupe, halafu nikurudishie ina madoa, uende nayo mjini, watu waione, waulize imetoka kwa nani?"

Mimi mwenyewe siwezi kurudisha bakuli la jirani bila kuliosha, na sijawahi kulirudisha tupu. Ndiyo maana hata parachichi zilikuwepo.

Nikajipa moyo kwamba ni mmoja tu, bado wako kumi na mmoja. Hapo ndipo Mama Flora aliponimaliza. Alisema wasiwasi niuondoe, nguo zote zimetendewa vivyo hivyo. Jana akina mama walizikusanya, wakashuka nazo mferejini, wakazifua pamoja huku wanaimba, isije nyumba moja ikaiaibisha jumuiya nzima.

Zote zilikuwa chumbani kwake, zimepangwa.

Iliyokosekana ni moja tu, ya Mzee Deo, ambaye hajaoa na hapendi kufua. Nilikimbia kwake kwenye matope nikiomba Mungu abariki uchafu wa yule mzee. Nguo nikaikuta ukutani kwenye msumari, ina madoa ya kila rangi, nikataka kuibusu. Ila Mzee Deo ni mtu mkweli. Alinieleza kwamba dawa hakupiga kabisa, nguo ilikuwa nzuri mno kuvaliwa shambani. Aliivaa kwenda sokoni Sanya Juu. Huko watu wakamdhania bwana mifugo, wakampeleka kumtazama ng'ombe aliyegoma kula, naye hakupenda kuwavunja moyo. Madoa ni ya ng'ombe, na mengine ni ya mbege, pombe ya ndizi aliyoshukuriwa nayo.

Ng'ombe anaendelea vizuri.

Nikarudi kwa Mama Flora kuchukua mzigo, nimeloa, nina hasira na dunia nzima. Alinionea huruma, akanipa mtori wa pili. Ndipo nikaona anavyoushika ule mkono wa sufuria. Hakuushika kwa vidole, aliuzungushia kanga kwanza, na sufuria haikuwa ya moto. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwenye ncha, ngozi inatoka kama ganda la kitunguu.

Nikamwuliza imekuwaje. Akasema ni kawaida, mikono huwa hivyo kila akifua nguo za dawa, inawasha siku mbili kisha inatulia. Na kichwa nacho kinamgonga, mate yanamjaa mdomoni, basi anakunywa maziwa, anajilaza kidogo. Jana ilizidi kwa sababu nguo zilikuwa nyingi. Wenzake wawili leo hawakwenda hata shamba. Alisema hayo yote kwa sauti ile ile anayosemea bei ya ndizi.

Nguo zilikuwa nyingi kwa sababu niliwapelekea mimi.

Nilitoa kishikwambi kwenye mkoba. Ndicho tunachotumia kujazia dodoso, na mimi nikichanganyikiwa hukimbilia dodoso. Swali la kwanza: je, unapulizia dawa shambani? Mama Flora akasema hapana, hiyo ni kazi ya baba Flora. Nikabonyeza "Hapana". Kishikwambi kikaandika, Asante kwa muda wako, kikajifunga.

"Nimefaulu?" akaniuliza.

Hapa sina budi kuungama, na ndiyo sababu naandika badala ya kulala. Kwenye dodoso la mwanzo kulikuwa na swali la nani anafua nguo za kazi, wapi, na kwa mikono au vipi. Mimi ndiye niliyemwambia Dokta tulifute. Nilisema wakulima wanachoka, tutapoteza muda, na kufua ni mambo ya nyumbani, hayahusiani na kazi. Dokta akakubali kwa kuwa mimi ni mtoto wa huku na ninawajua watu wangu. Nilijisikia msomi siku ile.

Nilipofika mjini nilimpigia simu. Nilimweleza kuhusu nguo, akawa mpole. Nikamweleza kuhusu Mzee Deo na ng'ombe, akawa mpole zaidi. Nilitaka kuishia hapo. Kisha nikamweleza kuhusu mikono ya Mama Flora na wale wawili waliolala, na nikamkumbusha lile swali lilifutwa kwa ushauri wa nani.

"Upendo," akasema, "leo hii piga simu kituo cha afya cha pale, waende wakawaone wale akina mama. Halafu andika yote kama ulivyonisimulia. Jumatatu tunapanda wote wawili, na tunaanza na waliofua."

Kituoni nimepiga, nesi ameahidi kupita kwao asubuhi na mapema. Kuhusu mkataba Dokta hakusema kitu. Sikuuliza.

Nilidhani siku imekwisha. Nikachemsha maji, nikatia miguu kwenye beseni, na hapo ndipo ikanijia.

Kichwa cha Jumamosi.

Nyumbani kwetu Kibosho mama alikuwa na ugonjwa tuliouita hivyo. Jumamosi mchana alijifunga kanga kichwani, akalala chali, na sisi watoto tukaambiwa tusipige kelele. Jumapili alikuwa mzima, anaimba kwaya. Tulimtania kwamba kichwa chake kina kalenda. Baba hupiga dawa ya nyanya kila Ijumaa. Mama hufua Jumamosi asubuhi, ili Jumapili nyumba iwe safi. Nimeutazama ugonjwa huo kwa macho yangu miaka yote, nikasoma nikamaliza, nikaajiriwa kuutafuta kwa watu wengine.

Nikampigia. Nikamwambia, mama, Jumamosi hii usifue nguo za baba.

"Sasa avae nini?" akauliza. "Za kwako?"

Nikamwambia ninakuja mwenyewe, nitaleta glovu ndefu, na nitafua mimi. Akacheka sana. Akamwita baba aje asikie, mtoto aliyekuwa anajificha chooni siku ya kufua leo anaomba zamu. Kisha akaniuliza kama kazini wamenifukuza.

Nikasema bado.

Kesho ni Ijumaa. Baba atabeba bomba. Mimi nitapita sokoni kununua glovu jozi mbili, kwa sababu namfahamu mama, hatakubali nifue peke yangu.